Mbwa jike ana kinundu kwenye titi: nisubiri au apasuliwe?

Mkulima wa Uyole

Habari wakuu. Nina mbwa jike, chotara wa shepadi, anakaribia miaka 9, kilo 18. Amezaa mara tatu, hajafungwa kizazi. Mara ya mwisho kuwa kwenye joto ni miezi mitano iliyopita. Sasa titi la nne upande wa kulia, ukihesabu kutoka mbele, lina kinundu kigumu ukubwa wa harage. Ngozi haina kidonda, chuchu haitoi kitu. Anakula vizuri na pikipiki bado anazifukuza.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza: ni maziwa yameganda, apigwe sindano ya antibiotiki. Wa pili: ni mafuta tu, asiguswe, maana saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Wa tatu: matiti yote ya upande huo yaondolewe. Nimsikilize nani, na nianzie wapi? Niko Mbeya.

Daktari Mifugo Iringa

Mkuu, la maziwa tuliondoe mapema. Titi lenye maambukizi huwa la moto na jekundu, mbwa hataki liguswe, na ukiminya chuchu hutoka maziwa yenye rangi ya ajabu au usaha. Mbwa mwenyewe huwa na homa, mara nyingi zaidi ya nyuzi 39.5. Hali hiyo huja akiwa ananyonyesha, au akipata mimba ya uongo, ambayo huonekana kama wiki 6 hadi 12 baada ya joto. Na kwenye mimba ya uongo matiti hujaa kwa pamoja, hayachagui moja. Wako ana miezi mitano tangu joto na kinundu kimoja kigumu kisichouma. Antibiotiki hapo itakupotezea wiki mbili bure.

Jike wa umri huo ambaye hajafungwa kizazi, akiwa na kinundu kigumu ndani ya titi, tunakihesabu kuwa uvimbe wa titi mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Kwa mbwa karibu nusu ya uvimbe wa titi si saratani, nusu ni saratani. Hakuna mkono wa daktari unaoweza kuzitenganisha hizo nusu mbili kwa kupapasa, na anayekwambia "nimeshika, ni mafuta" anabahatisha.

Anza na kumkagua sawasawa. Mlaze ubavu, kisha chali, mtu mmoja akiwa kichwani kwake. Lowesha manyoya kwa maji ya uvuguvugu ili yalale. Anzia kwapani ushuke hadi kinenani, titi moja baada ya jingine, ukisugua nyama taratibu kati ya dole gumba na vidole viwili kama anayetafuta punje ya mchanga ndani ya unga. Mbwa wengi wana matiti kumi, matano kila upande, ingawa wapo wenye manane. Usiishie kwenye kinundu ulichokijua, kwa sababu mara nyingi huwa zaidi ya kimoja. Matiti ya nne na ya tano ndiyo yanayoshambuliwa zaidi, hivyo hapo kaa muda mrefu.

Kupima: kama una spana malaya nyumbani, ioshe, ifungue mpaka midomo yake iguse kinundu pande zote mbili bila kukiminya, halafu pima mwanya kwa rula. Makadirio ya "kama harage" au "kama yai" hayakusaidii mwezi ujao. Chora duara kumi kwenye daftari, andika namba ya titi, tarehe na milimita. Kinundu kikitoka sentimita 2 hadi 3 macho yanaona kimeongezeka kidogo, kumbe ujazo wake umezidi mara tatu.

Mwisho shika mitoki, yaani tezi za kwapani na kinenani. Matiti ya mbele hupeleka limfu (maji ya mwilini yanayopita kwenye tezi hizo) kwapani, ya nyuma hupeleka kinenani, la tatu linaweza kwenda kokote. Linganisha kulia na kushoto. Kisha sukuma kinundu: kinateleza chini ya ngozi, au kimeganda kwenye msuli?

Mambo mengine yanayofanana nacho: ngiri ya kitovu au ya kinena huwa laini na mara nyingi hurudi ndani ukiisukuma. Funza wa nzi chini ya ngozi huwa na tundu dogo katikati, na ukitazama kwa tochi unaona kitu kinapumua pale. Uvimbe wa mafuta huwa mlaini na hukaa zaidi ubavuni na kifuani, lakini naye anaweza kukaa jirani na titi akakudanganya. Tazama pia chini ya mkia. Mbwa wetu wanaozurura hupata uvimbe wa kuambukizana kwa kupandana, unatoa damu kidogo kidogo ukeni na unaweza kujitokeza hata kwenye ngozi. Huo kwa kawaida haukimbiliwi na kisu, unatibiwa kwa sindano ya vinkristini, dawa ya saratani, ya mshipani kila wiki, kwa kawaida kati ya nne na sita.

Kisu na Uzi

Naongezea kwenye hili la kuogopa kisu, maana hofu hiyo imeua mbwa wengi. Kisu hakisambazi saratani. Watu hungoja mpaka uvimbe uwe kama parachichi, umeshapasuka na kutoa harufu, ndipo wanaleta mbwa. Wakati huo mara nyingi mbegu za saratani zimeshafika kwenye mapafu. Anapasuliwa, baada ya miezi miwili anakohoa na kufa, na lawama inaenda kwa kisu.

Kuna jambo moja la kweli ndani yake. Uvimbe ukikatwa vipande vipande au ukaachwa mizizi, hurudi palepale. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni kiasi gani cha nyama nzima kitatoka pamoja nao.

Ukubwa ndio unaotuongoza. Chini ya sentimita 3 matokeo ni mazuri zaidi, hata kama ni saratani. Kati ya 3 na 5 ni hatua ya pili, zaidi ya 5 ya tatu. Ikifika kwenye mtoki ni hatua ya nne, ikifika kwenye mapafu au kiungo kingine ni ya tano. Harage lako bado liko upande salama wa mstari huo, na hiyo ndiyo sababu ya kutosubiri.

Kiasi cha kukata kinategemea kilichopo. Kapunje kasikozidi nusu sentimita, gumu na linaloteleza, linaweza kutolewa peke yake. Zaidi ya hapo titi lote linatoka, pamoja na ukingo wa sentimita 1 hadi 2 wa nyama nzima kila upande, na kama kimegusa msuli basi utando wa msuli huo unatoka nacho. La nne na la tano yameungana, hivyo mara nyingi hutolewa pamoja na mtoki wa kinenani. Mstari mzima wa upande mmoja tunautoa pale vinundu vinapokuwa vimetapakaa kuanzia mbele hadi nyuma. Kuutoa kwa ajili ya harage moja ni jeraha refu bila sababu, kwa hiyo mshauri wako wa tatu amezidisha. Na pande mbili kwa siku moja sikubali: ngozi haitoshi kufunga kifua, mshono unavuta na mbwa anashindwa kupumua vizuri.

Mkulima wa Uyole

Asanteni sana. Nimemkagua jana jioni kama mlivyoelekeza. Kile cha titi la nne kulia ni milimita 18, kinateleza. Nimekuta kingine ambacho sikukijua, titi la tano upande huohuo, milimita 4. Kushoto hakuna kitu. Mitoki pande zote mbili iko sawa. Chini ya mkia pako safi.

Maswali: je, achomwe sindano ya kutoa maji ya uvimbe kwanza ili ijulikane? Vipimo gani vifanyike kabla? Na afungwe kizazi siku hiyohiyo?

Maabara Kwanza

Sindano ya kuvuta chembe ni nyepesi, haihitaji nusu kaputi, na ina kazi yake: itakuambia kama ni usaha, mafuta, au aina nyingine ya uvimbe wa ngozi ambayo inakatwa kwa mpango tofauti. Lakini kwa uvimbe wa titi wenyewe haiaminiki sana katika kutenganisha saratani na isiyo saratani, kwa sababu ndani ya kinundu kimoja kunaweza kuwa na sehemu nzuri na sehemu mbaya, nawe umechoma upande mmoja. Kama jibu halitabadilisha uamuzi wa kutoa, pesa hiyo ihifadhi kwa ajili ya kupima uvimbe wote ukishatoka.

Kabla ya operesheni, kwa mbwa wa huku kwetu naanza na kupe. Ugonjwa mmoja wa kupe hushusha damu, mwingine hushusha chembe za kugandisha damu, na mbwa anaweza kubeba huo wa pili muda mrefu huku anakula na kubweka. Utaugundua mezani, damu ikikataa kukoma. Kiwango cha chembe nyekundu kwa mbwa mzima ni karibu asilimia 37 hadi 55 ya ujazo wa damu. Akiwa chini sana, atibiwe kwanza. Tazama pia ufizi: uwe wa waridi, ukiubonyeza urudishe rangi ndani ya sekunde 2. Umri wa miaka 9 unataka na kipimo cha figo.

Picha ya kifua ipigwe kabla, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na amelala kifudifudi au chali. Picha moja huficha, kwa sababu pafu la upande aliolalia linakuwa limebanwa. Na kumbuka picha safi haina maana kwamba mapafu ni safi kabisa: vinundu vya chini ya nusu sentimita havionekani.

Sasa fomalini, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri inapoharibikia. Inayotakiwa ni ya asilimia 10. Ukipewa ile kali ya asilimia 37 hadi 40, changanya sehemu 1 na maji sehemu 9, ukiwa nje penye hewa na umevaa glavu. Kiasi chake kiwe mara kumi ya kinyama. Kinyama kikubwa kichanjwe kama mkate, kila baada ya sentimita 1, bila kukitenganisha kabisa, la sivyo katikati kitaoza kabla dawa haijafika. Chupa iwe na mdomo mpana. Watu hukisukumiza kinyama kilaini kwenye chupa ya maji, kikishakauka ndani ya fomalini hakitoki tena, maabara inabidi wakate chupa. Andika kwa penseli, kwa kuwa fomalini ikimwagika wino unayeyuka, na uandike kwenye mwili wa chupa, maana vifuniko hubadilishana. Usiweke kwenye friza.

Vinundu viwili, chupa mbili. Kimoja kinaweza kuwa kizuri na jirani yake saratani. Daktari aache uzi kwenye ukingo mmoja na aeleze kwenye karatasi uzi uko upande gani, ili msomaji wa kipimo ajue ni ukingo upi haukutosha.

Kwa njia yenu, kituo cha maabara ya mifugo ya serikali kipo Iringa, na SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro wanafundisha tiba ya wanyama. Basi la Dar kutoka Mbeya linapita kote kuwili. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea kipimo cha tishu wiki hiyo. Jibu unalolitaka lina mambo matatu: ni aina gani na daraja la 1, la 2 au la 3 (la 3 ndilo baya zaidi), je, ukingo ni safi, je, mbegu zimeonekana ndani ya mishipa ya damu au ya limfu.

Kisu na Uzi

Kwa vipimo ulivyotoa, ningetoa la nne na la tano kulia kwa pamoja, mtoki wa kinena ukiwemo. Hako ka milimita 4 kasikuvuruge, kanatoka na mzigo huohuo.

Kizazi: ndiyo, siku hiyohiyo, kama hali yake ya damu inaruhusu nusu kaputi ndefu kidogo. Ila kizazi kitangulie. Tumbo lifunguliwe, likamilike, lifungwe, halafu glavu na vifaa vibadilishwe ndipo uvimbe uguswe. Ukigeuza mpangilio unaingia tumboni na mikono iliyoshika saratani. Na mkato wa tumbo usipite katikati ya titi lenye uvimbe.

Daktari Mifugo Iringa

Hapo kwenye kizazi nisiache mkuu aahidiwe makubwa. Faida ya kufunga kizazi kwa mbwa ambaye tayari ana saratani ya titi bado madaktari wanabishana. Baadhi ya uvimbe unasikiliza homoni, mwingine hausikilizi tena. Sababu yangu kubwa ya kukubaliana nawe ni mfuko wa uzazi wenyewe: jike wa miaka 9 asiyefungwa yuko kwenye hatari ya mfuko kujaa usaha, na huo unaua kwa siku chache. Kama daktari wa huko hana uzoefu wa kufanya yote mawili kwa haraka, titi litangulie, kizazi kije baadaye.

Nyongeza: kama kuna mtu alimpiga sindano ya kuzuia joto, zile za homoni ya projestini, mwambie daktari. Zinachangia uvimbe wa titi na usaha wa kizazi vilevile.

Kisu na Uzi

Nakubali. Ningetaka pia wasomaji wengine wajue kuna hali moja ambayo sisi wenyewe tunaweka kisu chini. Matiti kadhaa yanavimba kwa ghafla, ngozi ngumu kama ubao, nyekundu, ya moto, mguu wa nyuma unavimba, mbwa analia akiguswa. Inafanana kabisa na maambukizi ya maziwa, ila mbwa hanyonyeshi na antibiotiki haigusi. Hiyo ni saratani ya titi yenye uvimbe wa moto. Kukata hakuna faida, mshono haushiki na ugonjwa unarudi kwenye kidonda kabla hakijapona. Hapo kazi ni kupunguza maumivu, na mara nyingi mbwa ana wiki, si miaka. Usikubali apasuliwe kwa sababu tu mtu ana kisu kikali.

Mlezi wa Mbwa Mafinga

Niingie kwenye uuguzi, maana operesheni ni saa mbili lakini kidonda ni wiki mbili.

Usiku wa kuamkia, chakula cha mwisho saa 2 usiku, maji aachiwe mpaka asubuhi. Mpime uzito kwa kumbeba ukiwa juu ya mizani, kisha toa uzito wako. Dozi za zailazini na ketamini, dawa za usingizi zinazotumika huku, hupigwa kwa kilo, na kukadiria kwa macho kwa mbwa mzee ndiyo chanzo cha asiyeamka.

Baridi. Usiku wa Uyole, Mafinga, Makambako unaujua mwenyewe. Mbwa aliyelala kwa nusu kaputi hatetemeki, joto linamtoka, na amenyolewa tumbo zima. Weka magunia au godoro chini, mfunike, na chupa za maji ya moto zifungwe kwenye kitenge mara mbili zikae jirani naye bila kugusa ngozi. Yeye hawezi kusogea zikimwunguza, na kuungua kwa chupa huonekana siku ya tatu ngozi inapobabuka. Pima joto kila nusu saa mpaka apite 37.5. Asipewe chakula mpaka asimame bila kuyumba.

Kola ya kuzuia kulamba usipoipata, chukua ndoo ya plastiki ya lita 10, kata kitako kwa ukubwa wa shingo, zungushia kingo kwa mpira wa ndani wa baiskeli, toboa matundu manne upitishe kamba ya mkanda wake. Mdomo wa ndoo upite pua kwa vidole vitatu. Fulana ya mtoto nayo inasaidia, miguu ya nyuma ikipita kwenye mikono ya fulana.

Kinenani nyama hutembea kila akipiga hatua, hivyo maji hujikusanya chini ya mshono. Uvimbe laini unaochezacheza, usio wa moto, siku ya tatu hadi ya tano, mara nyingi ni maji tu. Usiuchome sindano nyumbani. Ukiwa wa moto, unanuka, au uzi unakata ngozi, rudi kwa daktari siku hiyo. Nyuzi hutoka siku ya 10 hadi 14.

Maumivu: diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, weka mbali. Meloksikamu inatumika, miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, halafu 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, baada ya kula. Kwa kilo 18 hiyo ni nusu ya kidonge cha 7.5 siku ya kwanza na robo siku zinazofuata, kwa siku alizosema daktari. Anayempa kidonge kizima kila siku anampa mara nne. Na kama alichomwa deksamethasoni (dawa ya steroidi), sema, kwa sababu hiyo na meloksikamu hazichanganywi.

Kwa mwenye mbwa ambaye uvimbe umeshapasuka na hawezi kupasuliwa: osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisicho na kilima, mara mbili kwa siku. Kausha, funika kwa fulana safi kuzuia nzi. Oili chafu ya gari, maji ya betri, kufunga uvimbe kwa uzi au mpira ili "udondoke", yote hayo acheni. Oili anailamba, na uzi unaozesha nyama mbichi mbwa akiwa macho. Na mfunge mdomo kwa kitambaa kabla ya kuosha kidonda, hata kama ni mpole kama kondoo.

Shamba Tukuyu

Samahani naingilia. Mimi nina jike wa miezi saba, bado hajawa kwenye joto. Nifunge sasa au nisubiri azae mara moja?

Daktari Mifugo Iringa

Kuzaa mara moja hakumkingi. Takwimu inayonukuliwa kila mahali ni ya utafiti wa Marekani wa 1969: ukilinganisha na asiyefungwa, aliyefungwa kabla ya joto la kwanza alibaki na hatari ya asilimia 0.5, baada ya joto la kwanza 8, baada ya la pili 26. Mapitio yaliyofanywa 2012 yalisema ushahidi huo ni dhaifu kuliko tulivyozoea kuuhubiri, kwa hiyo usizishike namba zenyewe kama msahafu. Mwelekeo wake bado naufuata. Kama ni mbwa wa umbo kubwa, zungumza na daktari kuhusu mifupa na viungo kabla ya kuchagua mwezi. Kama una paka jike pia, huyo asicheleweshwe, uvimbe wa titi wa paka mara nyingi ni saratani.

Mkulima wa Uyole

Nimepata nafasi ya kupigwa picha ya kifua Alhamisi na damu itachukuliwa siku hiyo. Mtungi wa mdomo mpana ninao, ulikuwa wa asali. Swali la mwisho: baada ya hapo nimkague kila baada ya muda gani?

Maabara Kwanza

Wewe kila mwezi, tarehe ileile, kwa daftari lile la duara kumi, kwa sababu matiti yanayobaki yanaweza kuota mapya. Daktari kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, kisha kila miezi sita. Jibu likija daraja la 3 au mishipa ina mbegu, picha ya kifua irudiwe baada ya miezi mitatu. Na huo mtungi uoshe uishe asali kabisa, kisha bandika karatasi yenye neno SUMU pande mbili, maana kondakta akiuona atadhani ni asali kweli.